Unene wa Mstari

Mwalimu wetu wa Kiingereza alitaka azikwe mpakani. Sisemi karibu na mpaka, wala upande huu au upande ule. Alitaka azikwe ndani ya mpaka wenyewe, katikati ya mkonge uliotenganisha makaburi ya Waislamu ya kijiji kimoja cha Kang'ata na shamba la shemeji yake. Aliniambia hivyo siku nimempelekea uji, ametoka hospitali juzi yake, kwa sauti ileile aliyokuwa akituambia tufungue madaftari. Nilidhani homa imempanda kichwani. Nikamgusa paji la uso, nikalikuta la baridi.

"Usinipime," alisema. "Akili zangu ninazo. Nataka twende wote tukaongee na shemeji. Mambo haya yanataka mtu wa kusikia, kesho wasije wakasema mzee aliweweseka."

Niseme mapema kwamba hatukumzika huko. Yuko kwenye makaburi ya kambi, upande wa Mnyuzi, jirani na fundi mmoja wa korona, yaani kiwanda cha kusindika mkonge, ambaye walipokuwa hai hawakuwa wakisalimiana. Roho inaniuma kila nikipita pale. Ninaandika haya kwa sababu watu wanaomkumbuka wanamkumbuka kwa vituko vyake, na vituko alikuwa navyo, lakini alikuwa pia na ombi moja tu duniani na halikupata hata kutamkwa mbele ya aliyepaswa kulisikia.

Alizaliwa wapi, na nani, sijui, wala sikumuuliza. Sisi wa kambi za mkonge hatuulizani sana hayo. Babu zetu waliletwa kukata mkonge kutoka kila pembe ya nchi na nje ya nchi, na wengine hata majina waliyoandikishwa hayakuwa yao. Wageni walipomuuliza Mwalimu kwao ni wapi, alijibu, "Laini ya mwisho." Wakingoja aendelee, haendelei. Laini ya mwisho ni safu ya mwisho ya nyumba za kambi, nyumba za matofali na mabati yaliyoota kutu, walizojengewa vibarua zamani na baadaye zikaachwa zijiangukie zenyewe. Yeye alikaa kwenye ile ya pembeni kabisa, na mimi niko hatua chache kutoka mlango wake mpaka leo. Asubuhi naenda Korogwe kwenye duka langu la vitambaa, jioni narudi, na kwa miaka mingi kitu cha kwanza nilichokiona nikishuka kwenye bodaboda ni yeye, kwenye kiti chake cha kamba, amefungua kamusi magotini.

Kamusi hiyo ilikuwa nene, ya Kiingereza kitupu, na uti wake ulikuwa umevunjika zamani. Aliishona upya mwenyewe kwa nyuzi za katani, mishono mikubwa mikubwa, mpaka ikafanana na gunia. Hakumwazima mtu. Mimi aliniruhusu niishike mara moja, nilipomaliza kidato cha nne, na baada ya hapo akaifuta jalada kwa leso.

Ufundishaji wake ulikuwa hivi. Kila kidato cha kwanza alichokipokea alikipa neno moja la Kiingereza, neno dogo ambalo kila mtu anadhani analijua, na neno hilo mlikaa nalo mpaka mnamaliza shule. Waliotutangulia walipewa "post". Waliotufuata walipewa "bear", wakanung'unika sana, kwa sababu dubu mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Sisi tulipewa "line". Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, matumbo yananguruma, aliandika neno lile ubaoni kwa herufi kubwa, akarudi nyuma, akalitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi, kisha akatupa maana nyingine.

Tulianza kwa mstari wa kalamu, tukadhani kazi imekwisha. Ijumaa iliyofuata ikawa foleni. Kisha reli, na hapo tulifurahi kwa sababu reli tulikuwa nayo dirishani. Ikaja kamba ya kuanikia nguo, ikaja kamba ya ndoana. Ikaja mikunjo ya uso wa mzee, ambayo Waingereza nayo wanaiita "line", na Mwalimu akasogea dirishani ili tuione vizuri ya kwake. Kazi anayoifanya mtu ni "line". Maneno ya mwigizaji jukwaani ni "line". Barua fupi ya kumjulisha mtu hali ni "line". Kushona kitambaa cha ndani ya koti, ile bitana, kitendo hicho nacho ni neno lilelile, kwa sababu zamani bitana zilikuwa za kitani. Tuliandika mpaka vidole vikauma. Mkuu wa shule alimwita akamwambia mtihani wa taifa hauulizi hayo, na wazazi wawili watatu walikuja kulalamika kwamba watoto wanafundishwa neno moja miaka minne. Mwalimu aliwasikiliza kwa heshima zote, na Ijumaa akaandika "line" ubaoni.

Sitamsingizia matokeo. Tulifeli wengi. Mimi mwenyewe alama yangu ya Kiingereza ilikuwa ya kuonewa huruma, na nilipomwonyesha aliitazama, akasema, "Hawakukuuliza ulichokuwa unakijua." Nilimkasirikia wakati ule. Nilitaka kwenda chuo cha uuguzi, na alama ile ikanifungia mlango, na kuambiwa maneno mazuri hakukunifungulia.

Siku aliyotueleza neno lile limetoka wapi ndiyo siku pekee ninayoikumbuka bila njaa. Alisema limetoka kwa Warumi wa kale. Walikuwa na mmea, kitani, na jina lake kwa lugha yao lilikuwa linum. Uzi uliosokotwa kutoka kwenye mmea huo wakauita linea. Waashi wao wakauvuta uzi huo ili ukuta unyooke, kama mafundi wetu wanavyofanya mpaka leo, na ule mchoro uliobaki uzi ulipoondolewa ukaachiwa jina la uzi. Neno likaingia kwa Waingereza mara mbili, kwa njia mbili. Mara ya kwanza liliingia na watu wa kamba. Mara ya pili, baada ya miaka mingi sana, liliingia kupitia kwa Wafaransa. Maneno mawili yakakaa nyumba moja, yakafanana sura, mpaka watu wakasahau kwamba yalifika kila moja na mzigo wake.

Kisha akatoa mfukoni uzi wa katani, mrefu, mweupe, akawapa wawili wa mbele waushike huku na huku.

"Hii ndiyo 'line' kabla haijahamia kwenye karatasi," alisema. "Na hii yetu inaitwa katani, na ile ya Warumi sisi tunaiita kitani, na majina hayo yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, kwa neno moja. Baba zenu wamekata 'line' maisha yao yote na hakuna aliyewaambia."

Baba yangu alikuwa na makovu ya miiba ya mkonge kutoka viganjani mpaka viwikoni. Nilirudi nyumbani nikaitazama mikono yake wakati anakula.

Ugomvi wake mkubwa shuleni ulikuwa na mwalimu wa hesabu, na uligusa jambo hilohilo. Mwalimu wa hesabu alitufundisha kwamba mstari una urefu lakini hauna unene. Wa Kiingereza aliposikia alivuka uwanja na uzi wake wa katani mkononi, akasimama mlangoni, akamwomba mwenzake kwa upole amwonyeshe mstari usio na unene. Yule akachora ubaoni. Wa kwetu akasogea, akasema chaki ile ina unene wa kidole. Wa hesabu akasema hiyo ni picha tu ya mstari, mstari wenyewe uko akilini. "Basi uache huko akilini," alijibu wa kwetu, "usije ukautoa nje ukawagawa watu nao." Hatukuelewa alikuwa anasema nini. Tulicheka tu kwa sababu watu wazima walikuwa wanagombana.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na ninayaeleza kwa sababu bila hayo atakuwa mtakatifu, na hakuwa. Mtu aliyetueleza habari za foleni mwenyewe hakuwahi kupanga foleni. Benki, zahanati, kisimani, alipita moja kwa moja mbele na kamusi yake kwapani, na watu wakampisha wakidhani anapeleka jambo la serikali. Alitufundisha Kiingereza miaka yote na hakukizungumza nje ya darasa hata neno, isipokuwa akijigonga kidole na nyundo. Aliwachukia wanaochanganya lugha. Wakati mmoja tulikuwa wote Mkata, basi limesimama abiria wanunue mihogo ya kukaanga, akaja kijana na mwavuli wake anasajili namba za simu. "Mzee, nikupe laini?" akamuuliza. Angesema hapana tu. Akamshika yule kijana bega akamweleza safari yote, Warumi, kitani, waashi, mpaka basi likapiga honi na wateja wote wakaondoka. Yule kijana alimsikiliza mpaka mwisho, namsifu kwa hilo, kisha akasema, "Sawa mzee, lakini kitambulisho unacho?"

Maana moja ya "line" hakutufundisha vizuri. Ilikuwa ile ya ukoo, baba kumzaa mtoto na mtoto kumzaa mjukuu. Aliiandika ubaoni, akakaa kidogo ameipa mgongo, akaifuta, akasema tuendelee. Tulikuwa tunajua sababu. Yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto.

Mkewe alikuwa Mzigua wa Kang'ata, Mwislamu, mwanamke mfupi mwenye maneno machache, aliyekuwa akiuza vitumbua stesheni ya Mnyuzi enzi za treni za abiria. Walifunga ndoa bomani, kwa mkuu wa wilaya, kwa sababu yeye hakutaka kuacha dini yake na Mwalimu hakutaka kuacha ya kwake. Baba wa mwanamke aliacha kusema naye mpaka anakufa. Nyumbani kwao niliona mambo ambayo kwingine sijayaona. Mwezi wa Ramadhani ni Mwalimu aliyekuwa akiamka kumpikia mkewe daku, na yeye mwenyewe hakufunga hata siku moja. Jumapili ni mkewe aliyekuwa akimpigia pasi shati la kanisani, na asipokwenda alimsuta. Kamba yao ya kuanikia, aliyoisokota Mwalimu mwenyewe kwa katani, waligawana. Upande wa mlangoni ni wa mkewe, ambaye sote tulimwita mama, upande wa shimo la taka ni wa Mwalimu.

Na alikuwa na desturi ya kusema "nimerudi". Hakuingia nyumbani bila kusimama kizingitini aseme neno hilo, polepole, si kwa sauti kubwa, akangoja mkewe aitikie kutoka jikoni ndipo avue viatu. Mama alipofariki, nilidhani ataacha. Hakuacha. Jioni nasikia kiti kinaburutwa, kisha "nimerudi" kwa nyumba isiyo na mtu. Alingoja muda uleule aliokuwa akingoja zamani. Nguo zake aliendelea kuanika upande wa shimo la taka tu, hata kipindi cha mvua zinapojazana na kukataa kukauka, na upande wa mlangoni ukabaki kamba tupu. Nilimwambia, "Mwalimu, utaoza kwa nguo mbichi." Akasema ataangalia.

Mama alikufa ghafla, kifua kilimbana asubuhi na mchana akawa ameondoka. Kaka zake walikuja na gari kutoka Kang'ata jioni hiyohiyo. Hawakugombana na Mwalimu, walimpa mkono, walikaa naye mkekani, na mdogo wao, huyu aliyekuja kuwa shemeji wa kutegemewa baadaye, alilia mpaka akashikwa. Walisema tu kwamba dada yao ni Mwislamu na atasitiriwa kwao, na Mwalimu akasema sawa. Nilikuwapo. Alisema sawa kama mtu anayepokea chenji.

Makaburini, wanaume walipobeba jeneza, mzee mmoja alimwomba yeye na sisi wengine tusio waumini, pamoja na wanawake, tubaki nje. Alimwomba kwa adabu, ninamkumbuka, aliweka mkono kifuani. Mwalimu akasogea mpaka kwenye mkonge wa mpakani na hapo akashindwa kurudi nyuma zaidi. Akaingia ndani ya mkonge. Alisimama humo, miiba inamchoma suruali, na kutoka humo akatazama mchanga unavyorushwa juu ya mkewe mpaka ukaisha.

Mpaka ule inabidi niueleze, kwa sababu kila kitu kimesimama juu yake. Kule Handeni, iliko Kang'ata, mashamba mengi yamepakana kwa mkonge. Wazee wanatembea mstari na majirani wote wakiwa mashahidi, wanapanda, basi. Lakini mkonge si ukuta. Unazaa pembeni, mkubwa ukizeeka unatoa mlingoti wake wa maua na kufa, watoto wanashika nafasi na wao wanazaa, na baada ya miaka mpaka uliokuwa mwembamba unakuwa mnene kuliko njia ya gari. Hakuna ajuaye tena mche wa kwanza ulikuwa wapi. Kwa hiyo kijijini pale walikuwa na kawaida kwamba kilicho ndani ya mkonge hakina mwenyewe. Kuku akitaga humo, mayai ni ya aliyeyaona. Kuni za milingoti ni za yeyote. Mahali alipozikwa mama, mkonge ulikuwa umefanya tumbo kuelekea makaburini, na kaburi lake lilikuwa mbele ya tumbo lile. Makaburi yenyewe ni vichuguu vya udongo na mawe ya kawaida, hayana jina. Kwa miaka yote Mwalimu alikuwa akienda Kang'ata mvua zikiisha, anaingia kwenye mkonge palepale, anasimama, anarudi Mnyuzi na suruali imetoboka.

Kutoka humo ndipo aliona mavi ya ng'ombe juu ya kaburi. Wafugaji walikuwa wakipitisha mifugo, na mkonge ulikuwa na mwanya upande wa barabara. Aliumia sana. Alikwenda kwa shemeji akamwambia makaburi lazima yazungushiwe uzio, na kila pensheni ilipoingia alituma mchango. Alisumbua kwa simu mpaka shemeji akalipeleka kwenye mkutano wa kijiji. Jambo hilo ndilo alilolifurahia kuliko mengine mwaka ule, akaniambia ule mwanya wa barabarani utazibwa kwa waya na ng'ombe watakoma.

Kisha akaugua, na alipotoka hospitali ndipo akaniambia anataka kuzikwa mpakani.

"Humo hakuna Mwislamu wala Mkristo," alisema, bakuli la uji limepoa mikononi. "Humo hakuna mwenyewe. Siwaombi makaburi yao. Sitaki kubadili dini kwa ajili ya shimo, nitakuwa nimemdanganya Mungu na mama angenicheka. Pale niliposimama siku ile, basi. Wanichimbie palepale."

"Na shemeji akikataa?"

"Shemeji ni mkulima. Anajua mpaka una unene."

Tulikwenda Jumamosi. Basi kutoka Korogwe mpaka Handeni, kisha gari dogo la kuchangia mpaka Kang'ata, Mwalimu mbele karibu na dereva kwa sababu hakupanga foleni, kamusi ameiacha nyumbani kwa mara ya kwanza. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na kwa kuwa hakujua kupiga pasi, kola ilikuwa na mikunjo miwili.

Shemeji alitupokea uani, mzee sasa, kofia ya kufuma kichwani. Nilimwamkia, akaitika, "Marahaba, mama, karibuni sana." Alimshika Mwalimu mikono yote miwili.

"Umekonda, Mwalimu."

"Nilikuwa naumwa, shemeji."

"Tulisikia. Tukasema tutakuja, palizi ikatushika. Utusamehe." Kisha uso ukamchangamka. "Kabla hatujakaa, njoo kwanza uone kazi yako. Ulivyotaka ndivyo tulivyofanya."

Tulimfuata kwa njia ya nyuma ya nyumba, tukapita mahindi, na tulipotoka kwenye mahindi nikaona anga nyingi kuliko nilivyotegemea. Makaburi yalikuwa wazi mbele yetu, yamefyekwa, safi, yamezungukwa pande zote kwa nguzo za zege na waya mpya. Upande huu wa waya, shamba. Upande ule, makaburi. Katikati hapakuwa na kitu.

"Ng'ombe hapiti tena hapa," shemeji alisema.

Mwalimu alitazama kushoto, akatazama kulia. "Mkonge uko wapi?"

"Tumeung'oa wote. Wapimaji walikuja kupima kijiji kwa ajili ya hati, wakasema mpaka gani huu, mpana kama uwanja. Wakatupa mstari wao, wakapigilia alama. Vijana walihangaika, maana mkonge unaujua."

"Naujua," alisema Mwalimu.

Akaenda mpaka kwenye waya, akaushika kwa vidole viwili, akauachia. Mimi nilikuwa nyuma yake, na niliona kwamba hatasema. Nikamnong'oneza tuombe upande wa shamba, karibu na waya, shemeji hawezi kukataa. Akatikisa kichwa.

"Huo ni upande," alisema. "Sikuja kuomba upande."

Sidhani shemeji alisikia. Lakini aliona uso wa Mwalimu, na nadhani alidhani ni huzuni ya kawaida, kwa maana alitoa funguo mfukoni, akamshika mkono akampeleka kwenye geti dogo la chuma.

"Ingia leo," alisema. "Hukuwahi kuingia. Wakati ule nilikuwa kijana, na wazee walikuwa wakali, sikuweza kusema. Wazee wenyewe wote wamelala humu sasa. Ingia ukamwone dada."

Mwalimu alivua viatu. Mimi nilibaki getini. Waliingia wameshikana mikono, shemeji mbele kidogo, wanapita kati ya vichuguu, na shemeji akasimama. Akaonyesha chini. Kisha akageuka akatazama kule ulikokuwa mkonge, na akahama hatua kidogo, akaonyesha tena. Akageuka tena. Nilimwona anautafuta ule mkonge, anatafuta tumbo lake, kwa sababu na yeye, kama Mwalimu, miaka yote alikuwa akilijua kaburi kwa kupimia hapo.

"Hapa," alisema. "Hapana. Ngoja."

"Mawe yake?" aliuliza Mwalimu.

"Vijana waliyatoa wakati wa kufyeka. Waliyarudisha." Sauti ilikuwa imeshuka. "Waliyarudisha, lakini mawe ni mawe."

Mwalimu hakumsaidia. Hakuweza, alikuwa amelizoea kutoka upande wa pili, kupitia miiba, na upande huo haukuwapo tena. Shemeji akavua kofia akaishika mbele yake kwa mikono miwili.

"Wale waliozikwa mwaka ule wako mstari huu," alisema mwishowe. "Kutoka hapa mpaka kwenye ile nguzo. Mstari nina hakika nao, Mwalimu. Wallahi mstari nina hakika nao."

"Mstari unatosha, shemeji," alisema Mwalimu.

Shemeji alirudi getini akasimama pembeni yangu, kofia bado iko mkononi, na hakunitazama. Mwalimu alibaki peke yake na shati lake la kola mbaya. Akaanza kwenye kaburi la kwanza. Akasimama miguuni pake, akasema kwa sauti yake ya kizingitini, "Nimerudi," akangoja muda uleule aliokuwa akingoja nyumbani. Kisha akaenda la pili, akasema, akangoja. Alikwenda hivyo kaburi kwa kaburi, hakuruka hata moja, kuelekea kwenye nguzo. Jua lilikuwa kali na yeye alikuwa mgonjwa, lakini mimi na shemeji hatukumharakisha.